Kengele kwa Aliyekupa Mgongo

Mwezi wa sita na wa saba, watu wa Igwachanya hutembea wakiwa wameziba masikio. Mzula umevutwa hadi kwenye nyusi, juu yake imewekwa kofia ya koti, na akina mama wamejitanda kitenge kichwa kizima, umebaki uso tu. Nyanda hizi za Wanging'ombe zina baridi yake, na ukipanda zaidi kuelekea Njombe kuna alfajiri ambazo umande huganda ukawa sakitu, majani yakapauka kama yaliyonyunyiziwa chumvi. Katika ukungu wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtu anayekwenda shamba husikia pumzi zake mwenyewe na hatua za viatu vyake, basi.

Nyuma yake inakuja baiskeli. Vumbi lililolowa ukungu linameza mlio wa tairi. Mwendeshaji anamwona yeye, lakini yeye hajui kama kuna mtu. Kinachoweza kuwaunganisha wawili hawa ni kikombe cha chuma kinachoenea kiganjani, kilichofungwa kwenye usukani karibu na kidole gumba.

Nimeandika habari za magurudumu, za breki na za keria katika sura zilizopita, na kila mara niliahirisha kengele nikidhani ni jambo dogo. Nilikosea. Breki inamsimamisha mwenye baiskeli, kiti kinambeba, taa inammulikia. Kengele imewekwa kwenye baiskeli yake, ameinunua kwa fedha yake, lakini kazi yake yote ni kwa ajili ya mtu mwingine.

Sisi tulikua na kengele za aina nyingi. Ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Mwanafunzi wa zamu aliigonga kwa kipande cha nondo, na aliyekuwa bado njiani alianza kukimbia. Ya kanisa ilisikika hadi ng'ambo ya bonde, na katika nchi ya Wabena kengele za namna hiyo zilifika na wamisionari wa Berlin mwishoni mwa karne ya 19. Ng'ombe aliyeongoza kundi alivaa yake shingoni, mchungaji akajua walipo hata kwenye ukungu. Hizo zote zilisema na yeyote mwenye masikio. Ya baiskeli inasema na mtu mmoja, tena aliyekupa mgongo, na inampa sekunde chache za kuamua aende upande gani.

Sekunde hizo nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa na miaka 13, nimetumwa mashineni na debe la mahindi kwenye keria ya Phoenix ya baba, ile ya Kichina yenye breki za vyuma virefu. Kwenye mteremko mbele yangu alikuwapo mama aliyejitwika ndoo ya maji, mtoto wake ameshika upindo wa kitenge. Nikapiga kengele. Nikaipiga tena na tena bila kuachia na bila kugusa breki, nikiamini kwamba wajibu wangu nimeshautimiza na uliobaki ni wake. Lakini mtu aliyejitwika ndoo hageuzi shingo. Hugeuka mwili mzima, taratibu, maji yasimwagike. Yule mama aligeuka hivyo, na kule kugeuka kukamleta katikati ya njia. Mtoto akakimbilia kushoto, mimi nikakwepa kulia, usukani ukanishinda. Hakuna aliyevunjika. Ila ndoo ilikuwa chini, maji yamekwisha kunywewa na ardhi, na mahindi yetu yametapakaa hadi mtaroni. Mama yule alinisaidia kuyaokota kabla ya kurudi tena kisimani, na hadi leo jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko kovu la gotini.

Nyumbani nilijitetea kwamba nilipiga kengele. Baba hakuuliza nilipiga mara ngapi. Aliuliza nilikuwa wapi nilipoanza kupiga. Jioni ile akanirudisha mteremkoni, tukahesabu hatua kutoka pale nilipokumbuka kushika kengele hadi penye udongo uliolowa. Zilikuwa kumi na mbili, hatua za mtu mzima. Kesho yake kabla ya shule nilimpelekea yule mama ndoo mbili za maji.

Miaka mingi baadaye niliirudia ajali ile kwenye karatasi. Baiskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa kwenye tambarare hula mita nne na ushei kila sekunde. Anayetembea mbele yake kwa kilomita 5 kwa saa husogea kama mita 1.4. Kwa hiyo mwendeshaji anamkaribia kwa karibu mita 2.8 kila sekunde, na akipiga kengele akiwa mita 20 nyuma, amempa mwenzake sekunde saba. Saba zinatosha kusikia, kuelewa, kumvuta mtoto mkono na kusogea pembeni. Kwenye mteremko mambo hubadilika. Ukishuka kwa kilomita 30 kwa saa, mita zile zile 20 zinakwisha kabla ya sekunde ya tatu. Zile hatua kumi na mbili, tuseme mita kumi, zilimpa mama yule sekunde moja na nusu hivi, na ndoo ya lita 20 haigeuki kwa muda huo.

Mtu anayetajwa zaidi kuwa mbunifu wa kengele ya baiskeli ni Mwingereza John Richard Dedicoat wa Birmingham, mwaka 1877. Miaka kumi na mmoja baadaye, sheria ya serikali za mitaa ya Uingereza ya mwaka 1888 iliihesabu baiskeli kuwa gari kama mkokoteni, na ikamtaka mwendeshaji anayempita mtu, farasi au gari atoe onyo la kusikika, kwa kengele, kwa filimbi au kwa njia nyingine, akiwa bado katika umbali unaofaa. Napenda sana hilo neno la umbali. Waliotunga sheria ile hawakumjua baba yangu wala mteremko wetu, lakini walikuwa wanauliza swali lake lile lile.

Ukiifungua kengele ya kizamani, ile ya krrring, utakuta mkono mdogo unaosukumwa na kidole gumba. Mkono una meno, meno yanazungusha gia, na gia inazungusha kipande cha bati chenye visahani viwili vilivyoachwa vilegee makusudi. Kikizunguka kwa kasi, visahani hurushwa nje na kuugonga mfuniko kwa ndani mara nyingi katika sekunde moja. Kisha springi inarudisha mkono mahali pake. Fundi mmoja wa baiskeli aliwahi kunionyesha makosa mawili yanayoziua kengele nyingi. La kwanza ni kuifunga vibaya mpaka mfuniko ukagusa chuma cha breki, ukanyamaza kama ngoma iliyowekewa mkono. La pili ni wema uliopita kiasi: mtu anaijaza mafuta, mafuta yanakamata vumbi la barabara yetu, na baada ya mwezi mmoja meno hayazunguki.

Mlio wake ni mwembamba na wa juu, ilhali ngurumo ya injini ni nzito na ya chini; ndiyo maana kikombe kidogo hivyo huweza kupenya palipo na kelele. Sikio la binadamu huwa kali zaidi kwa sauti za kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na kengele nyingi huimba humo humo. Lakini uzee huanza kula sauti za juu kabla ya za chini, na sufu nayo huzipunguza hizo hizo za juu. Mzee wa Igwachanya aliyevaa mzula mwezi wa saba anaweza kulisikia lori lililo mbali bondeni, asiisikie kengele iliyo mgongoni pake. Vijana wengi wanaochukia kwamba wazee hawapishi hawajawahi kuambiwa hili.

Mlio unamwambia msikilizaji na jambo jingine: ni nani anayekuja. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka baiskeli iwe na kengele inayosikika kwa umbali wa kutosha, na unakataza isibebe chombo kingine chochote cha kutoa mlio wa onyo. Zamani niliona katazo hilo ni ukali wa bure, mpaka nilipomwona kijana aliyefunga honi ya pikipiki kwenye baiskeli yake. Alipoibonyeza, wanawake watatu waliokuwa wakitoka sokoni waliruka mtaroni na mizigo yao, maana mwili ukisikia honi hujiandaa kwa chombo cha injini. Ukisikia kengele hujiandaa kwa mtu. Hatua moja pembeni inatosha.

Wanaoijua kazi ya kengele vizuri kuliko wote katika wilaya yetu ni wabeba ulanzi. Mvua zikikolea, mianzi michanga hukatwa ncha, utomvu ukakingwa asubuhi na jioni, na safari za baiskeli zikaanza kutoka mashambani kwenda vilabuni. Madumu matatu ya lita 20 ni kilo 60 juu ya keria, na mengine huning'inizwa ubavuni. Mfuniko haukazwi, kwa kuwa ulanzi huendelea kuchacha njiani. Mtogwa, yaani ulanzi mchanga, uliopakiwa mtamu unataka pa kupumulia, la sivyo dumu linavimba na kupasuka. Kwa hiyo mbeba ulanzi hawezi kufunga breki ghafla. Akifunga, kinywaji kinapiga mbele, kinamwagika, na baiskeli inamvuta kwenye utelezi wa udongo mwekundu. Yeye hana budi kuzungumza mapema. Nimewasikiliza sana. Wale wazoefu hupiga mara mbili kwa kifupi wangali mbali, juu ya mteremko, halafu wananyamaza. Ule ukimya ndio ufundi wao. Wanatazama mgongo wa mtu: umetikisika? Bega limelegea? Mguu umeanza kwenda upande gani? Baada ya hapo ndipo wanapiga ya tatu, moja tu, ya kumjulisha kwamba wameshajua anakwenda wapi.

Kengele inayolia mfululizo haimwachii mtu nafasi ya kujibu, na yule aliye mbele hawezi hata kujua inatoka upande upi. Hili la upande ni udhaifu wa kweli. Watoto wa shule hufundishwa watembee kulia mwa barabara ili magari yawajie usoni, lakini njia zetu nyingi hazina kulia wala kushoto. Zina sehemu kavu na sehemu yenye tope. Kundi la watu wanne likisikia kengele hupasuka katikati, wawili huku, wawili kule, kisha mmoja anaona ameachwa na mwenzake anavuka kumfuata. Hapo anagongwa. Mwendeshaji mwenye akili hupunguza mwendo wakati kundi linapasuka, hata kama tayari limemfungulia njia pana kama barabara ya kwenda Songea.

Siku hizi kelele imeongezeka. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa na baiskeli, huko Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na sasa limehamia kwenye pikipiki na kubaki huko. Pale Makambako, barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea, kengele mbele ya lori haina maana yoyote, na sitamshauri mtu aitegemee. Thamani yake iko kwenye ukingo wa lami, mahali ambapo waenda kwa miguu, mikokoteni na baiskeli wamesukumwa pamoja. Ulaya wenyewe wamerudi kwenye swali hili kwa mlango mwingine: magari ya umeme yalikuwa kimya mno kwa waenda kwa miguu, hivyo tangu Julai 2019 aina mpya za magari hayo zinatakiwa kuwa na kifaa cha kutoa sauti zikienda polepole.

Nikitaka kupima kama mtu ameielewa kengele, humwomba afikirie baiskeli ya gurudumu moja. Wengi wetu tumeiona kwenye sarakasi, mtu ameketi juu ya gurudumu akirusha mipira. Sijawahi kuiona ikipita Igwachanya, ila kwa fikra ni chombo kinachofundisha vizuri mno. Haina usukani. Haina mnyororo, pedeli zimeshikana na ekseli, zinazunguka pale gurudumu linapozunguka, hivyo hakuna kuacha miguu ikapumzika wakati wa kuteremka. Gurudumu la inchi 20 husogea mita 1.6 hivi kwa kila mzunguko wa miguu, nalo kubwa la inchi 36 karibu mita 2.9. Kusimama tuli ni vigumu: mpandaji hucheza mbele na nyuma papo hapo, au anashuka.

Sasa mpe huyo kengele. Ataifunga wapi? Wengine huifunga kwenye mshikio ulio mbele ya kiti, chini kabisa, na kuifikia lazima mkono mmoja uache kazi ya kupima mizani. Wengine huishika kiganjani. Vyovyote vile, hawezi kupiga kengele na kukwepa kwa wakati mmoja. Akichelewa kupiga, mwenye kuumia wa kwanza ni yeye. Hiyo ndiyo tofauti yake na mimi wa miaka 13: Phoenix ya baba ilikuwa na uzito wa kunidanganya kwamba aliye mbele ndiye mwenye deni la kuhama. Mwenye gurudumu moja hadanganyiki. Anapiga mapema kwa sababu anamhitaji yule mtu.

Nao mkataba wa Vienna, kwa namna ya kushangaza, haumtambui kabisa. Unapoeleza maana ya baiskeli unasema ni chombo chenye magurudumu yasiyopungua mawili kinachoendeshwa kwa nguvu za misuli ya aliyekipanda. Kwa tafsiri hiyo, hakuna kinachomlazimisha awe na kengele. Huko Japani, ambako watoto wa shule za msingi huchezea baiskeli za gurudumu moja viwanjani kama sisi tulivyochezea matairi, sheria ya barabarani imekwenda mbali kwa njia nyingine: inamkataza mwendeshaji wa baiskeli kupiga kengele ovyo, isipokuwa panapotakiwa au pana hatari ya kuepuka. Kumpigia kengele mtu ili akupishe tu ni kosa. Mara ya kwanza kusoma hilo nilimkumbuka baba, aliyenikataza kumpigia kengele mtu wa umri wake. Alisema mzee haitwi kwa chuma. Ukimkuta njiani, punguza mwendo, fika ubavuni pake, msalimie kwa mdomo.

Adabu hiyo inabeba pia watu ambao kengele haiwafikii kabisa. Njombe mjini wapo wanafunzi viziwi wanaosoma kwenye shule yao, nao wanatembea barabara hizi hizi, wanakwenda dukani, wanarudi bweni. Kwa nyuma, mgongo wa kijana kiziwi hautofautiani na mgongo wa kijana mkaidi, wala na wa kijana aliyeziba masikio kwa muziki wa simu. Mwendeshaji hana namna ya kujua. Kwa hiyo mgongo usiotikisika lazima uchukuliwe kuwa haukusikia, kila mara, bila hasira.

Kwetu tuna kipimo cha jambo hili, na hakikutoka Birmingham wala Vienna. Mtu hapigi hodi huku ameshaingia. Hupiga, akasubiri karibu. Akipiga mara tatu pasipo jibu, hurudi alikotoka, na hakuna anayesema amedharauliwa. Naamini kengele ya baiskeli ni hodi hiyo hiyo, imepigwa kwenye mgongo wa mtu badala ya mlango wake. Nafasi anayotembea ni yake mpaka aseme karibu.

Mwezi wa tatu mwaka jana nilikuwa nikitembea jioni, mvua imekatika, barabara inang'aa maji. Kengele ikalia nyuma yangu kwa mbali, mara mbili. Nikasogea kwenye majani. Mbeba ulanzi akapita, madumu manne, povu linachuruzika kwenye moja. "Kamwene," alisema. "Kamwene," nikaitikia.

Mbele yangu kama mita hamsini alikuwapo mzee, mzula hadi masikioni, mwavuli uliokunjwa chini ya kwapa, akitembea katikati kabisa, palipo pakavu. Nikasikia kengele mara mbili. Mzee hakugeuka. Ukapita ukimya, ikalia mara moja tena, na mzee akaendelea na hatua zake. Mbeba ulanzi akafunga breki kidogo kidogo, akateremsha mguu, akashuka. Akaanza kuisukuma baiskeli yenye kilo zake themanini kupitia ukingo wenye tope, miguu ikizama, hadi akalingana na yule mzee na kuingia machoni pake. Akainamisha kichwa na kusalimia. Mzee akasimama, akainua mzula kutoka sikio moja, naye akarudia salamu. Wakaongozana wakizungumza, mmoja pakavu na mwingine topeni, mpaka kwenye kona ambako barabara inapanuka, na hapo mwenye baiskeli akapanda tena.